Fuvu Tulilolizika Bububu

Wiki mbili sasa tangu tumkoshe mama yangu kwa maziko, na harufu ya kafuri haijanitoka puani. Nimejisugua mikono kwa sabuni ya mche, nimejisugua kwa ndimu, wapi. Nikikata kitunguu nasikia kafuri. Nikimbusu mjukuu wangu nasikia kafuri. Wengine harufu hiyo huwatia huzuni. Mimi hunitia hasira, na hasira yenyewe si ya jana wala juzi. Ni ya mtoto wa miaka kumi na moja, imekaa ndani yangu mpaka nimezeeka nayo.

Iliyoichokoa ni hitima. Bwana mmoja simjui, kavaa koti, alisimama na kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mwanamke wa mfano, kwamba alianza kusomea udaktari akiwa na miaka thelathini na nne na watoto watatu, peke yake, bila ya msaada wa mtu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, upawa mkononi, napakua pilau. Bila ya msaada wa mtu! Niliuweka upawa chini, nikaingia chooni, nikafungua mfereji maji yamwagike kwa kishindo, nisije nikapiga ukelele watu wakasema mtoto mkubwa wa daktari kapandwa na shetani.

Basi nitasema hapa. Mimi sikusoma. Darasa la nne nimelimaliza, la tano nimelionja tu, kwa hivyo naandika kama ninavyosema, na nikipotea njia nitarudi. Nyinyi wa rika langu mtanifuata.

Tulikuwa tukikaa Mkunazini, vyumba viwili vya juu, na ngazi yake nyembamba hata ukibeba ndoo ya maji lazima upande ubavu. Mama, Bibi mzaa baba, mimi, mdogo wangu Seif, na Zuwena kitinda mimba ambaye alikuwa na pumu. Mimi wakiniita Bimkubwa, kama wanavyoitwa mabinti wa kwanza katika nyumba nyingi za kwetu, jina la kumpa mtoto kazi kabla hajajua kufunga kanga. Baba hakuwapo. Baba alikuwa karani wa ghala la karafuu, na siku zile za Mapinduzi alitoka asubuhi kwenda Bububu kumtazama mama yake, maana Bibi wakati ule akikaa huko. Hakufika. Hakurudi. Rangi yake na pua yake vilitosha kuwa kesi, na hakimu alikuwa yeyote aliyekutana naye njiani. Hatukupewa maiti, hatukupewa habari. Baadaye Bibi akaja mjini na kifurushi chake cha nguo amngojee mwanawe kwetu, na tangu hapo ikawa kungojea tu. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka mguu wa suruali yake, na jinsi alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo. Sura sina.

Bibi hakukubali isomwe hitima. "Hitima ya nani?" akiuliza. "Mmeliona kaburi?" Na kila Ijumaa sahani ya Baba ilipakuliwa wali na kitoweo, ikafunikwa kawa, na alasiri tukaila sisi watoto. Nilikuwa nikiipenda Ijumaa kwa sababu hiyo, Mungu anisamehe.

Sasa nije kwa Mama. Mama alikuwa nesi, miaka kumi kawa nesi. Madaktari wa zamani wengi walikuwa wameshaondoka, hospitali imebaki na wagonjwa wake. Wakaja Wachina, wakaanza kuwafundisha watu wetu udaktari palepale, kwa mkalimani. Waliochukuliwa walikuwa vijana watupu, ndevu ndiyo kwanza zinatokeza. Na mama yangu. Mwenyewe alihadithia kuwa aliwaambia wakubwa: "Kila daktari mpya aliyekuja hapa mimi ndiye niliyemwonesha mshipa uko wapi. Basi na mimi nioneshwe vilivyobaki." Wakacheka, wakamwandika.

Siku ya kwanza kijana mmoja alimwamkia mlangoni: "Shikamoo mama, umekuja kumtazama mgonjwa?"

"Marahaba," Mama akajibu. "Nimekuja kukutazama wewe. Nakuona una minyoo."

Alikuwa na mdomo mama yangu. Lakini wale vijana nao hawakumwacha. Wakimwambia atapewa cheti na mkongojo pamoja. Wakimwambia, "Mama, kaa mbele, usije ukasinzia." Alikuwa akirudi nyumbani akituigizia, anacheka, halafu anakwenda jikoni anasimama kimya mbele ya seredani isiyo na moto. Nilimwona. Msidhani sikumwona.

Na wakati ule ndio wa foleni. Mchele foleni, sukari foleni, unga foleni. Ukiweka kikapu kushika nafasi wanakipiga teke, wanataka mtu mwenyewe mwenye miguu. Bibi miguu yake ilikuwa imevimba kama ya mwenye mimba ya mapacha. Seif mdogo. Zuwena akibanwa na kifua lazima awepo wa kumkalisha kitako na kumsugua mgongo. Mama anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa kumi. Nani abaki? Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la tano niliiweza.

Jumapili moja mchana Mama alikaa mezani akaandika barua kwa mwalimu mkuu wetu. Aliandika kwamba mtoto wake amegunduliwa ana ugonjwa wa moyo, haifai atembee wala akae darasani kwa muda. Akaikunja vizuri, akanipa niipeleke mwenyewe. Nasema tena, kwa sababu yule bwana wa kipaza sauti hakulisema: cheti cha kwanza cha daktari alichokiandika mama yangu duniani kilikuwa cha uongo, na mgonjwa nilikuwa mimi.

"Mwaka mmoja tu, mwanangu," aliniambia. "Nikipita mtihani wa mwaka wa kwanza nakurudisha skuli. Mkono kwa mkono nakupeleka."

"Na usipopita?"

"Nisipopita wananitoa, na unesi wangu nshauacha, na hapo sote tutakaa nyumbani tutazamane."

Mtoto ni mtoto. Mimi niliamini kuwa kweli ninaumwa. Mama anasoma udaktari, kaandika ana ugonjwa wa moyo, basi ninao. Nikipanda ile ngazi na ndoo nasimama katikati, nashika kifua, nasikiliza. Wenzangu wakipita na sare zao wananiona kwenye foleni Darajani, jua la saa sita, wanapiga kelele: "Bimkubwa! Hajambo moyo?" Nami najibu kwa adabu kabisa, "Hajambo leo." Nikikumbuka hilo natamani kumpiga mtu kofi, na wa kumpiga hayupo.

Hapo nimekwenda mbali kidogo. Nirudi kwenye sanduku.

Mwaka ulipokaribia kwisha Mama alianza kuja na sanduku la mbao lenye kitasa. Wanafunzi watano walikuwa na sanduku moja, kila mmoja siku zake. Alilitia chini ya kitanda, upande wa ukutani, upande aliokuwa akilala Baba. Alitukataza tusiliguse, akasema ni vitu vya chuo, basi, hakutueleza zaidi. Angetueleza! Maneno matano tu yangetosha. Lakini watu wazima wa wakati ule waliona mtoto akielezwa jambo atalichafua kwa mikono.

Akirudi, akishatupa chakula, anajifungia chumbani. Mimi natega sikio mlangoni. Namsikia anahesabu majina ya kigeni, anarudia, anarudia, mpaka na mimi yakanikaa bila ya kutaka, kama wimbo wa kuruka kamba. Halafu anakwama. Halafu namsikia anasema, taratibu, kwa sauti ambayo sisi hatupewi: "Wewe, wewe ndiye unayenitesa. Wenzio wote nimewapata, wewe tu unanikimbia. Umejificha wapi?"

Anazungumza na nani? Na kwa nini chini ya mlango inatoka harufu ya kafuri? Harufu hiyo niliijua. Ilikuwa ndani ya sanduku la Bibi, ambamo Bibi aliweka sanda yake mwenyewe tayari, kama walivyokuwa wazee wa kwetu. Kafuri ni ya maiti. Mama alikuwa akiitia kwenye lile sanduku kuzuia wadudu. Mimi ningejuaje?

Jumanne, Mama alipotoka, alisahau ufunguo kwenye kitasa. Usiku alikesha akisoma, mtihani ulikuwa kesho yake, mtihani wenyewe wa hiyo mifupa, na sanduku lilitakiwa lirudishwe siku hiyohiyo. Nikaingia kufagia. Wallahi niliingia kufagia tu. Nikalivuta, nikafungua.

Mifupa ya mkono na mguu ilikuwa imefungwa kwa uzi. Juu yake, ndani ya kitambaa, fuvu la kichwa cha mtu. Utosi wake umekatwa kwa msumeno mzunguko mzima, unafunguka kama kifuniko cha bakuli, umeshikwa kwa vindoano viwili vya chuma. Kwenye komwe kuna namba ya wino mweusi. Sikupiga kelele. Nililipakata. Lilikuwa jepesi, jepesi kuliko kibuyu, na laini mahali penye mikono mingi. Nikatazama ule msumeno ulivyopita, nikasema moyoni: kumbe hivi ndivyo walivyomfanya. Wamemkata, wamempa namba, na Mama kampata hospitali, kamleta nyumbani, kamficha chini ya kitanda mahali pake. Na usiku anamwuliza umejificha wapi.

Nilikwenda nalo ukumbini kwa Bibi, alikuwa akichambua mchele. Nikamwambia, "Bibi, Baba huyu hapa. Mama anamficha."

Bibi aliuweka ungo chini. Alilichukua kwangu kwa mikono miwili. Alilitazama mbele, akaligeuza, akalitazama meno, kitambo kirefu sana, hata kuku wa jirani aliyepanda ngazi akaja akaanza kudonoa mchele na hakufukuzwa. Kisha akasema, "Lete beseni."

Tulilikosha pale pale. Mimi namimina maji kwa kata, yeye anapitisha vidole. Alifungua sanduku lake akatoa sanda yake, sanda aliyoiweka tangu kabla sijazaliwa, akapima kwa kiganja, akachana. Sauti ile ya kuchanika naisikia mpaka leo. Alitia kafuri, akafunga, akaweka ndani ya kikapu, juu akafunika kanga yake nzuri. Akavaa buibui. Mtu ambaye mwaka mzima hakuweza kushuka ngazi kwenda kununua chumvi, siku ile alishuka. Kila daraja akisema "Ya Rabbi", na akashuka. Alimgongea Bi Zuhura wa chini, akamwachia Zuwena, akamwambia maneno mawili: "Mwanangu kapatikana. Nakwenda kumzika." Na Bi Zuhura ndiye gazeti la Mkunazini.

Kwetu wanawake hawaendi kaburini siku ya maziko. Bibi alikwenda. Bububu, kwenye kishamba cha babu, Mzee Makame jirani yake wa zamani alipomwona anateremka kwenye gari alitupa jembe akaja mbio.

"Bi Salma! Shikamoo. Miguu hiyo imekuletaje?"

"Marahaba, Makame. Nichimbie kaburi karibu na la mume wangu. Dogo."

Makame akatazama kikapu, akanitazama mimi. "La mtoto?"

"La mtoto wangu."

Makame akalirudia jembe lake. Alichimba. Aliita wanaume wawili kutoka barabarani, wakasimama wakaswali, wakazika. Bibi alikaa kitako pembeni, miguu ameinyoosha, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa furaha, msinicheke. Nilikuwa na baba sasa. Yuko pale. Nitaweza kumwambia mtu: baba yangu yuko pale.

Tuliporudi ngazi imejaa viatu vya wanawake. Bi Zuhura ameshatandika mikeka, ameshasambaza habari mpaka Malindi, buli la kahawa linapita. Wanamkumbatia Bibi, wanalia kilio kilichokaa ndani miaka yote ile. Wengi wao walikuwa wakililia na mambo yao, maana nyumba ile haikuwa peke yake iliyokosa mtu bila ya kaburi.

Saa kumi Mama akapanda, daftari kwapani. Alisimama mlangoni. Wanawake wote wakamrukia.

"Rukia mwanangu, pole. Mungu kakuonesha."

"Vua hizo bangili, bibie. Lete mikono."

"Eda yako inaanza leo," Bi Zuhura akasema, na nguo ya eda ameshaiazima, anayo mkononi imekunjwa. "Miezi minne na siku kumi. Usiwe na wasiwasi, chakula tutakuletea kwa zamu. Hutoki hata uani."

Mama alikuwa akizungusha macho, hajaelewa. Aliniona mimi. Sijui alisoma nini usoni mwangu, lakini aliingia chumbani moja kwa moja, na nikasikia sanduku linavutwa sakafuni. Kisha akaita, "Mama. Naomba uje." Bibi akaingia, na mimi nyuma yake, mlango ukafungwa. Nje wakadhani mke anataka kulia na mkwewe.

"Kiko wapi kichwa?"

"Nshamzika."

"Mama, si yeye!" Mama alisema kwa kunong'ona, lakini mishipa ya shingo imesimama. "Yule ni wa chuo. Ametoka huko vinakotoka vitabu, ana namba, kila sanduku lina wake. Kesho saa tatu nnatakiwa nimshike mkononi mbele ya walimu. Nikenda bila ya kichwa wananiandika mwizi. Nikikaa hiyo eda ndiyo basi kabisa. Si yeye, Mama. Wallahi si yeye."

Bibi alikaa kitandani. Alikuwa akihema kwa ile ngazi. "Unadhani simjui mwanangu?" akasema. "Mwanangu jino la mbele lilivunjika akiwa na miaka kumi na tatu, mimi niliyeshika damu. Yule meno yake yote yapo."

Mama akakaa sakafuni kando ya sanduku, Bibi akaendelea.

"Nnajua si yeye. Lakini yule naye ana mama yake pahala. Anamngojea, kama mimi. Basi nimemzika kwa niaba ya mama yake. Huenda na wangu pahala kazikwa na mama wa mtu." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimechoka kupakua wali, Rukia. Niacheni na mimi niwe na kaburi."

Na mimi niliyesimama pale mlangoni? Hakuna aliyenitazama. Baba yangu niliyekuwa naye kwa saa sita tu alikuwa ameshakufa tena, kafa kwa maneno ya watu wawili wanaonong'ona, na hakuna aliyegeuka kuniambia pole. Hasira yangu yote ukiifuata mpaka mwanzo wake utafika pale, kwenye mlango ule. Bibi alijua, akaniacha nilie kaburini. Mama alijua kilichomo sandukuni, akanificha.

Mama akainuka. Alitoka, akakaa kwenye mkeka wa wanawake, akavishwa ile nguo. Akatolewa bangili. Akainama kichwa watu wakampa pole mpaka magharibi. Nilidhani yamekwisha.

Alfajiri jua halijatoka vizuri alinishika bega. Amevaa sare yake nyeupe ya chuo, buibui juu, sanduku mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. "Inuka, unioneshe mahali." Ukumbini wamelala wanawake wanne waliobaki kumliwaza mfiwa, na Bibi katikati yao. Tuliwaruka miguu. Bi Zuhura akafungua jicho.

"Rukia! Unakwenda wapi na eda yako?"

"Mtihani."

"Mtihani gani, mwanamke we? Una eda!"

"Bi Zuhura," Mama akasema, "mimi sijui kama ni mjane au si mjane, hata mashekhe hawajui, na kijiti cha kupimia hilo hakuna. Nnachokijua ni saa tatu." Akatazama upande wa Bibi. Bibi alikuwa macho, amelala ubavu, anatuangalia. Tukashuka.

Maneno yale yalizunguka mji mzima. Kuna nyumba hazikumwalika mama yangu harusini mpaka amekufa, mwanamke aliyevunja eda siku ya kwanza, na baadhi yao aliwazalisha yeye.

Bububu, Mzee Makame alikataa. "Mimi huzika, Bi Rukia. Kufukua siwezi, hata uniue." Akampa jembe lakini akageuka, akatupa mgongo. Mama akapandisha sare mpaka magotini, akachimba mwenyewe. Udongo ulikuwa bado laini. Akapiga magoti, akaingiza mikono, akafungua sanda taratibu kama anavyofungua bandeji, akatoa fuvu. Ile sanda akaikunja, akairudisha chini peke yake, akafukia, akashindilia kwa viganja, akapanga upya mawe vilevile. Alipotaka kuinuka akamwambia Makame:

"Mtu akikuuliza, kaburi hili ni la mume wangu."

"Naam," Makame akasema, bado katupa mgongo. Na mpaka leo ndivyo linavyojulikana. Bibi alikwenda kulizuru mpaka miguu ikakataa kabisa, na wali wa Ijumaa haukupakuliwa tena. Sanda nusu, chini yake hakuna mtu. Mimi pia nimelisomea Yasini, mwaka hadi mwaka, huku najua.

Kurudi mjini tulikaa kiti cha nyuma, fuvu nimelipakata mimi ndani ya kanga, yeye anafuta udongo kwenye matundu kwa kucha. Saa mbili hiyo. "Niulize," akaniambia. "Gusa mfupa, mimi niseme."

Nikagusa, akasema. Nikagusa, akasema. Kichwa kina mifupa minane, alinifundisha hapo, ile inayoshika ubongo. Saba aliitaja. Wa nane akakwama. Akafunga macho. "Huyu ndiye, huyu ndiye anayenitesa. Mungu wangu. Huyu wa ndani, nyuma ya pua..."

"Ethmoidi," nikasema.

Akafungua macho.

"Frontali, parietali mbili, temporali mbili, oksipitali, sfenoidi, ethmoidi," nikasema, yote manane, bila ya kukosea, kama nilivyokuwa nikiyasikia mlangoni kila siku, pamoja na hilo la mwisho alilokuwa akilifungulia daftari. Sikujua maana yake. Nilijua wimbo tu.

Mama alinitazama kama kwamba ndiyo kwanza nimezaliwa. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, abiria wakageuka. Akanibusu kichwani. "Wewe mwanangu ungefaa udaktari!" akasema. "Ungefaa kabisa!"

Tukashuka mbele ya geti la hospitali. Wale vijana wamekaa kwenye ngazi, wanasoma, midomo inacheza. Mama akalirudisha fuvu ndani ya sanduku, akavua buibui akanipa, akanyoosha sare yenye udongo magotini. Akanitia kikapu mkononi. "Kimbia Darajani, leo unatoka mchele. Ukichelewa watafunga."

Alifaulu. Alifaulu huo na mingine yote, na kila mwaka ulizaa mwaka, na mkono kwa mkono hakunipeleka popote. Sikumkumbusha. Nilikuwa nikingojea akumbuke mwenyewe, na yeye alikuwa akikumbuka mishipa. Alipotoka daktari kamili mimi nilikuwa nimeshaposwa. Nimesikia wanawake wengi wakisema angalikufa fulani lau si mama yangu, na ninaamini, na sitaki hata mmoja wao awe amekufa. Hasira yangu haitaki mtu afe. Inataka tu mtu aseme.

Lakini linalonikera kupita yote si yeye. Ni yule mtoto. Nimemwona wiki hizi mbili kila nikifumba macho, na kikapu chake na buibui la mama yake begani, anashuka kwenda Darajani. Mnajua alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiruka. Ameambiwa angefaa, na mtu anayemjua, basi anaruka kwa furaha njia nzima, anaimba mifupa minane, mpaka akafika akasimama mwisho wa foleni.